Kufika Besi Nilifika

Jumapili, 2 Machi 2014

Nadai, na nitalitetea dai hili mpaka mwisho: mpigaji bora wa besiboli si yule anayeupeleka mpira mbali, bali yule anayefika besi mara nyingi. Mrushaji akikosea mipira minne, mpigaji hutembea hadi besi ya kwanza bila kuinua gongo. Ted Williams, gwiji wa Marekani, alifika hivyo zaidi ya mara elfu mbili! Nani atabisha?

Irshad amebisha. Kijana wa Malindi, mpakiaji wa ghala letu, mikono kama nguzo. Amesema, mbele ya chumba kizima hapa Al Twar, mtaa wetu huku ughaibuni Uarabuni, kuwa anayengoja kukosewa ndipo apite akapange foleni ya viza. Watu sita wamecheka. Mimi, mwenye shahada ya takwimu!

Baada ya mechi ya Ijumaa dhidi ya timu ya wasafishaji, nahodha Wilbard, dereva wa foklifti, atamtaja mpigaji wetu wa kwanza wa msimu. Nafasi hiyo ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nilibandika mchoro wa asilimia za kufika besi kwenye friji. Jioni nimeukuta umetumika kufungia samaki wa Irshad. Amejitetea kwamba karatasi hiyo haivujishi mafuta.

Mkakati mpya: kujikunja. Mpigaji akiwa mfupi, eneo halali la mpira, kati ya magoti na kifua, hupungua. Hesabu tupu! Mazoezini nilijikunja barabara. Wilbard aliniuliza, kwa huruma, kama ni tumbo. Nikamweleza jiometri. Akanielekeza famasia.

Alhamisi, 6 Machi

Wilbard amekubali kunipa zamu moja ya kupiga, kwa sharti kwamba nisihutubie. Nimeitikia kwa kichwa. Sikuapa.

Ijumaa, 7 Machi

Uwanja wa mchanga, mapema, kabla ya jua na sala. Ngwe ya mwisho, sare, wawili wetu wameshatolewa; wa tatu akitolewa, mchezo umekwisha. Ndipo nikaitwa.

Mpira wa kwanza, nje. Wa pili, nje. Irshad, aliyekuwa anafuata, akapaza sauti: "Piga, profesa! Hilo gongo, si bakora!" Wa tatu ulikuwa halali; niliutazama tu. Miwili mingine, nje. Minne! Nilitembea kama bwana harusi.

Besi ya kwanza ililindwa na Marietha, msafishaji kutoka Mwanza, mpole mno. Aliniuliza kwa heshima asilimia yangu inapatikanaje. Hatimaye, mwanafunzi! Nikashuka besi hatua mbili, nikainama, nikaanza kuichora kanuni mchangani. Nilipofika kwenye mstari wa kugawanya, nikaguswa bega. Kwa mpira, nami niko nje ya besi: nimetolewa. Alikuwa nao kwenye glavu muda wote!

"Pole, mwalimu," alisema. "Khalas, yamekwisha."

Mtu wa tatu kutolewa. Irshad hakupata hata kushika gongo. Mechi ikaisha sare. 

Jumamosi, 8 Machi

Irshad ametajwa mpigaji wa kwanza. Mimi wa tisa, yaani wa mwisho, kwa kuwa Faustine, mwenye nafasi hiyo, anakwenda likizo. Wa tisa naye ni mpigaji!

Tena, kikanuni, kutolewa baadaye hakupunguzi asilimia ya kufika. Zamu moja, kufika mara moja: asilimia mia! Ted Williams mwenyewe hakukaribia. Nimechora mchoro mkubwa zaidi, nimeutia nailoni dhidi ya samaki, na picha yake nimeituma kwenye kundi la WhatsApp la timu zote mbili. Marietha amejibu kwamba hapo kwenye kugawanya bado hajaelewa. Nimemwahidi kumfafanulia mechi ijayo, palepale besi ya kwanza.

Chini ya picha nimeandika: Irshad, jibu hapa hapa, mbele ya watu wote. Mimi asilimia mia. Wewe ngapi?