Kigaga Kwenye Sikio la Kulia

Jumamosi, 8 Februari

Joto. Upepo hakuna. Mynie ameniandikisha kwa daktari wa ngozi, Alhamisi saa nne asubuhi. Hakuniuliza. Alinijulisha tu huku akinimiminia kahawa. Daktari huyo huja mjini kwetu mara moja kila miezi mitatu, na kwa bahati mbaya mwezi wake ni huu.

Ni kwa sababu ya kigaga cha sikio la kulia. Kidogo, kikavu, kigumu. Kilianza mwaka juzi msimu wa kunyoa kondoo. Nikikibandua kinarudi. Nina miaka sitini na sita, na arobaini ya hiyo nimeendesha pikapu kioo kikiwa chini, sikio la kulia na mkono wa kulia juani. Kila mwanamume wa nyika hii ya Karoo ana vigaga. Wengine tunavyo vya kugawia majirani.

Mynie hakucheka. Baba yake alikuwa na kigaga puani. Alikipaka mafuta ya bata bukini miaka sita, na siku ya mazishi jeneza lilifungwa ili watu wasimwone uso. Hadithi hii naijua. Nilimwambia kwa upole kwamba kosa la marehemu lilikuwa yale mafuta. Akaweka birika chini. Akasema amechoka, na kwamba hana nguvu za kuzika mwanamume mwingine kwa namna ile.

Tumepatana hivi: kigaga kikitoka kufikia Jumatano jioni, siendi. Alikubali haraka mno. Hata sikufurahia ushindi.

Siogopi daktari. Naandika hapa wazi. Sipendi tu ile chupa yake inayofuka moshi wa baridi, na kisu chake, na kuamriwa nivue shati na mtu aliyezaliwa mimi nikiwa tayari na meno ya bandia.

Jirani yangu Faan Swiegers alikuwa na kigaga puani. Kimeisha. Pua yake sasa laini kama ya mtoto mchanga, na anaitembeza kila mahali ionekane. Anasema ni utomvu wa kile kichaka cha maziwa kinachoota kwenye mawe nyuma ya bwawa lake. Sitamuuliza zaidi. Faan akiwa sahihi jambo moja, wilaya nzima italisikia hadi Krismasi. Naanza na mshubiri wangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya.

Nilikata jani la mshubiri asubuhi na mapema nikalifunga sikioni kwa kitambaa. Utomvu ukatiririka shingoni, ukaingia kinywani, ukachafua kola nyeupe. Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa. Nguo ni suti nyeusi na tai nyeupe, hakuna mjadala. Sikio lilikuwa likichuruzika na muda umekwisha. Nikakimbilia bandani nikachukua ile dawa ya kupulizia vidonda vya kondoo. Hukausha mara moja. Kondoo hawajawahi kulalamika.

Kondoo hawajali rangi. Dawa ni ya buluu, na haitoki kwa sabuni, wala kwa mafuta ya taa. Nimejaribu vyote viwili.

Kofia ilinisitiri hadi mlangoni. Mlangoni mwanamume huvua kofia. Wazee hukaa mbele, ubavu kwa waumini, na kiti changu kimelielekeza sikio la kulia kwa kanisa zima. Saa moja na nusu. Faan, naye mzee wa kanisa, alikaa ng'ambo akinitazama kwa huruma ya uongo. Nje aliniuliza kama nimeshapewa na dawa ya minyoo, au hiyo ni wiki ijayo.

Mkate ulikuwa mchungu kinywani kwa ajili ya mshubiri. Niliumeza. Mynie hakusema neno njia nzima. Ningependa angegomba. Mtu akigomba unajua umesimama wapi.

Kigaga kipo. Sasa ni cha buluu.

Jumatatu, 10 Februari

Mafuta ya mbarika na magadi, yaliyokorogwa mpaka yakawa uji mzito. Dawa ya bibi yangu, aliyeishi miaka tisini na mmoja. Vigaga vyake aliondoka navyo, lakini sikukumbuka hilo mapema.

Nilimwomba Mynie anifungulie chupa ya mafuta. Aliifungua kwa mkono wa kushoto, kwa taabu. Mgongo wa mkono wake wa kulia una plasta. Anasema ni oveni. Ile oveni yetu ina hasira mwaka huu. Nadhani plasta hii nimeiona tangu kabla ya Krismasi.

Nilipaka, nikajilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana kama kila mtu mwenye akili hufanya katika joto hili. Nilipoamka mto ulikuwa umening'ang'ania. Nilikwenda nao jikoni. Mynie akachukua mkasi wa manyoya akanitenganisha nao, taratibu, akiguna kila anapoinua mkono. Alisema tangu tuoane ameshawanyoa kondoo wengi, ila huyu ndiye aliyechelewa kuletwa.

Nilicheka. Yeye pia, kidogo. Kisha akaniuliza kama bado tunaendelea na mchezo huu. Nikamwambia zimebaki siku mbili. Akaenda kuosha mkasi.

Jumanne, 11 Februari

Nimejidhalilisha. Nimekwenda kwa Faan.

Sikuuliza moja kwa moja. Nilisema napita tu. Faan akasema mtu hapiti tu kilomita kumi na nne za changarawe, na kwa kuwa nipo, nimsaidie kuwanywesha madume ya kondoo dawa. Madume thelathini na wawili. Nilishika pembe asubuhi nzima, mgongo ukilia, huku Faan akisimulia habari za pua yake. Mkewe, Bettie, alituletea kahawa, akamtazama mumewe kwa jicho fulani, akarudi ndani. Sikulielewa lile jicho.

Saa sita ndipo akanipa siri. Matone matatu ya utomvu, juu ya kigaga, jua likiwa utosini. Usifute. Usilalamike. Nikamwuliza ilimchukua siku ngapi. Akasema, “We Hardus, ngozi yangu ni ya kiungwana, huitika upesi. Hiyo yako sijui.”

Nilipaka matone sita, kwa vile muda ni mfupi. Nilisimama juani bila kofia, nyuma ya ghala, Mynie asinione. Sikio linawaka. Hiyo ni ishara njema, nadhani. Faan alisema huwaka.

Jumatano, 12 Februari

Sikio limekuwa sikio jingine. Jekundu, na buluu kidogo kwenye mikunjo, na limevimba hadi kofia inakaa upande. Nilipiga miayo nikaona nyota. Juu ya uvimbe wote huo kigaga kimekaa kimya, kana kwamba ardhi ni yake na hati kinayo.

Saa tisa alasiri, wazo. Mapatano yalisema kitoke. Hayakusema kitoke vipi. Nikachukua kisu cha mfukoni, nikakichemsha kama ustaarabu unavyotaka, nikakwangua kigaga mbele ya kioo cha pikapu. Nikaingia jikoni nimenyoosha mgongo. Nikasema, haya, mama watoto, kimetoka.

Alifuta mikono. Akavaa miwani. Akanisogeza dirishani kwenye mwanga akatazama muda mrefu, nami nikimwangalia usoni, nikaona jinsi alivyozeeka mwaka huu. Akasema kwa sauti ya chini, “Hardus, kinavuja damu mpaka shingoni.”

Hakunisuta. Alitoa pasi akaanza kunyoosha shati langu la kesho. Nilisimama pale na leso sikioni, nikijua nimeshindwa, na nikijua hafurahii. Ndilo lililonikera zaidi.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika pole pole. Bandeji inanifunika nusu ya kichwa.

Mynie alinishusha kliniki akaenda kununua chumvi ya mifugo. Nikaingia chumba cha kungojea. Wanaume tisa kwenye viti vya plastiki, kofia mapajani, vipara vyeupe, nyuso nyekundu. Wanne ni wazee wa kanisa. Mmoja ni yule aliyeniapia miaka kumi kwamba dawa ya vigaga ni ganda la ndizi. Wote walikuwa wakisoma sakafu. Na kwenye kona, nyuma ya gazeti alilolishika juu chini, Faan Swiegers.

Pua ile ilitengenezwa na daktari. Mara tatu ameichoma kwa ile chupa ya baridi, na leo amekuja ya nne. Nilimwuliza kuhusu utomvu. Akasema utomvu alijaribu kweli, mwaka juzi; ndio uliomleta kwa daktari mbio. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alikunja gazeti vizuri kabisa, akasema, “Ningesemaje, na wewe umeshika pembe za dume langu?”

Sikupata nafasi ya kukasirika ipasavyo. Muuguzi alitoka akaita Bibi Mynie Lategan. Nikasema mimi ni bwana. Akatazama daftari lake. “Pole, Mjomba Hardus, bado sijazoea jina jipya. Nafasi hii ilikuwa ya Shangazi tangu Novemba, ya ule mkono. Alipiga simu Ijumaa akasema wewe uichukue, sikio lako limezidi. Yeye atangoja mpaka Mei.”

Alisema mbele ya wanaume wote tisa. Nilikaa tena. Muuguzi akaniita mara ya pili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, hana maneno mengi. Aliuliza nimepaka nini. Nikataja. Nilipofika kwenye dawa ya kondoo aliacha kuandika. Akasema hiki si cha kuchoma kwa baridi, hiki ni cha kukata, na leo. Sindano, kisu, nyuzi. Kipande kimekwenda maabara. Sikio lililobaki lina pengo la pembe tatu kwenye ncha.

Kila mfugaji hapa ana alama yake ya kukata masikio ya kondoo, iliyoandikishwa. Yangu ni tundu katikati ya sikio la kushoto. Ya Faan ni pembe tatu, ncha ya sikio la kulia. Alinitazama nikitoka, akaniambia nikipotea njiani nisiwe na wasiwasi, watu watajua pa kunirudisha.

Ndani ya pikapu nilimwuliza Mynie kuhusu mkono. Macho barabarani, akasema sikio langu lilionekana baya zaidi, basi. Nikasema angeniambia. Akasema, “Ungenipaka mshubiri.”

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa kumwambia nilishindwa. Miezi mitatu mwanamke ananificha mkono, nami nikimwomba anifungulie chupa.

Jumatano, 19 Februari

Maabara wamepiga simu. Kilikuwa kile kibaya. Kimetoka chote, mizizi na yote. Kingekaa mwaka mwingine, alisema daktari, kingeshuka shingoni. Natakiwa kuvaa kofia ya ukingo mpana, kupaka mafuta ya kukinga jua, kurudi Mei.

Nilimwambia Mynie. Alikaa kwenye ngazi ya stoo akalia, aproni usoni, mabega yakitikisika. Sijamwona hivyo tangu tulipomzika baba yake. Nilikaa pembeni yake. Nikasema viazi vinaungua. Vilikuwa vinaungua kweli.

Faan alipiga simu baada ya chakula. Anauliza kama nimemwona dume wake mmoja mzee, mwenye kipara. Nilikata. Bettie akapiga, akaomba radhi kwa niaba yake, akasema Jumanne ile alitaka kuniambia lakini aliona haya.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi nilimwomba Mynie anionyeshe mkono. Alikataa, kisha akabandua plasta. Kigaga cha ukubwa wa punje ya dengu, kingo ngumu, chini yake pekundu. Nakijua kabisa. Ni ndugu wa kile changu.

Mei haiwezekani. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sikuitegemea. Akasema tulia, ameshapata nafasi hospitali ya Upington, Jumatatu, Bettie ndiye aliyemtafutia kwa simu. Nikasema nitamwendesha mimi. Akasema asante, na akaniwekea sharti: nimpeleke, nikae kwenye kiti, nisitibu mtu.

Nikaapa mbele yake, mkono juu ya Biblia ya babu. Sitapaka tena kitu chochote kwenye mwili wangu bila daktari. Nilimaanisha kila neno. Nimejifunza, na sijali nani anajua. Mtu aliyekatwa sikio hahitaji kuhubiriwa.

Lakini alasiri nilikaa barazani, kofia ya ukingo mpana kichwani, nikawaza. Mwanamke huyu alinipa nafasi yake. Hivi nimtazame siku nne mikono mapajani? Kisu kile nakijua. Sitaki kimguse. Nampenda, nami katika ndoa ya miaka thelathini na minane sijamfanyia jambo moja la maana ambalo hakulazimika kunielekeza.

Na redioni, saa nane, alipiga simu mama mmoja wa Calvinia, anaongea taratibu, si mtu wa mchezo. Biringanya. Linakunwa, linalowekwa kwenye siki, linafunikwa gizani. Mumewe alikuwa na vigaga saba. Hana hata kimoja. Na kiapo changu kilihusu mwili wangu.

Mynie ameuficha ufunguo wa stoo, ila siki ipo bandani, na bustanini nimepata mabiringanya mawili mazuri. Nimeshayakuna. Chupa iko nyuma ya magunia ya manyoya.

Leo Alhamisi. Tunaondoka Jumatatu alfajiri. Dawa inataka siku tatu tu.