Jumamosi Tatu Kabla ya Jumamosi

Jumanne, 8 Julai

Tumeondoka Trondheim saa mbili asubuhi. Nyuma ni mimi, Oddvar, mstaafu, pamoja na mjukuu wangu Tuva, miaka miwili na nusu. Binti yangu Ingvill kwenye usukani. Kando yake Steinar, babu wa upande wa pili, mwalimu wa chekechea kwa miaka thelathini na mitano. Sikuulizwa kama naye aje. Tunaenda Tromsø kwa baba yake Tuva, ambaye kazi imemshikilia huko tangu Mei. Siku nne barabarani.

Jambo lenyewe ni hili. Kuanzia Agosti Ingvill atafanya kazi hadi jioni kila Alhamisi, na babu mmoja atamchukua Tuva chekechea na kukaa naye. Babu mmoja! Nazitaka hizo Alhamisi kuliko kitu chochote. Ingvill alipokuwa na umri huu nilikuwa mpishi kwenye mtambo wa mafuta baharini. Habari za jino lake la kwanza nilizipata kwa simu. Nyumbani nilikuwa narudi kama mgeni.

Nilikuja na mkoba wa vitu kumi na vinane vya kuchezea, kimoja kwa kila nusu saa. Saa tatu kasoro robo vyote vilikuwa sakafuni. Tuva alilia hadi Steinkjer. Hapo Steinar akageuka, akavaa soksi mkononi, na soksi ikaanza kumwomba Tuva radhi kwa kuchelewa. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Baada ya chakula nami nikavua soksi yangu. Tuva akasema, "Inanuka." Ingvill akafungua dirisha.

Jumatano, 9 Julai

Mvua. Nilimwahidi Tuva kulungu mlimani. Niliwatangaza kwa kilomita sitini. Hawakuja. Vilio! Steinar akauliza kwa upole kama tubadilishane viti. Yule mtu ana upole wa kukera.

Nikashikwa na wazimu. Mfukoni nilikuwa na pakiti ya pipi za jeli, akiba ya Jumamosi. Kwetu, kama kwa majirani wote, mtoto hali pipi ila Jumamosi, na kwa hili Ingvill hana mchezo. Kwa hiyo sikuivunja sheria. Niliisogeza siku. Nilimnong'oneza Tuva kwamba leo ni Jumamosi.

Dakika hamsini za kimya! Tukauvuka mlima mzima wa Saltfjellet bila hata kikohozi. Ingvill akanitazama kwenye kioo, akasema, "Baba, kumbe unaweza!" Kisha akasema huenda Alhamisi zikawa zangu. Steinar akanusa hewa, akatazama nje. Moyo uliniuma kidogo. Nikaunyamazisha.

Alhamisi, 10 Julai

Tuva ameamka na neno moja: "Mamosi!" Ingvill akacheka, akamwambia bado siku mbili, mama. Tuva akanitazama mimi. Nikamkonyeza. Kosa.

Ikawa "Mamosi!" kwenye kila handaki, na kutoka Fauske hadi kivukoni mahandaki hayaishi. Nilikuwa nampa gizani. Saa tano pakiti ikaisha. Tulipofika kwenye foleni ya kivuko nikasema naenda msalani, nikakimbilia kibanda cha pipi. Mbele yangu familia nzima, kila mmoja anachagua soseji yake. Nilipotoka, magari yote yalikuwa yameshapanda isipokuwa letu. Ingvill alikuwa amesimama nje ananipungia mikono yote miwili. Kivuko kikaondoka bila sisi. Kinachofuata ni baada ya saa moja na nusu.

Hakunigombeza. Steinar akampeleka Tuva ufukweni kutupa mawe. Walirudi mashavu mekundu, wanaimba. Sikuvumilia. Nilimpa mtoto jeli sita kwa mkupuo.

Ndani ya kivuko Tuva akatapika. Kijani na waridi, kiti chote. Ingvill akauliza amekula nini. Mdomo ukanitangulia: muulize Steinar, si walikuwa wote ufukweni? Ingvill akamgeukia mkwewe na kumwambia, "Wewe, Baba, wewe mwalimu! Sikulitegemea hili kwako." Steinar akanitazama. Halafu akasema, "Samahani, Ingvill. Nitakuwa mwangalifu." Basi.

Angenitukana ningepata nafuu. Safari ile ya majini ni dakika ishirini na tano. Ningeweza kusema ukweli katika yoyote kati ya hizo. Nilizitumia zote kutazama maji, na sasa najuta.

Ijumaa, 11 Julai

Mambo yamelipuka dukani Narvik. Tuva, juu ya toroli, kwa sauti ya mnadani: "Leo Mamosi! Jana Mamosi! Babu Oddvar kasema!" Mhudumu akacheka. Ingvill hakucheka.

Nje, mvuani, alisema taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza. "Baba, kila Ijumaa ulikuwa unapiga simu kutoka baharini kuniuliza kama nimegusa pipi kabla ya siku yake. Nilikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nasubiri uniulize kitu kingine." Kuhusu kumsingizia Steinar, akasema hana hata nguvu ya kuanza. Alhamisi ni za Steinar.

Nilimwomba Steinar radhi gari likichajiwa. Akasema, "Yameisha, mzee mwenzangu. Alhamisi moja moja uje, tunywe kahawa." Nina miaka sitini na minane, na ni kweli, sikuwahi kumuuliza yule mtoto kitu kingine. Sikumbuki hata mwanasesere wake aliitwaje.

Saa ya mwisho kabla ya Tromsø sikuwa na pipi wala hila. Nilikaa tu. Tuva akashika kidole changu, akalala. Bila shaka alikuwa amechoka.

Jumamosi, 12 Julai

Tromsø. Jumamosi halisi. Bakuli la pipi mezani, halali kabisa. Tuva alikula tatu, akaziacha, akaja na blanketi lake na kupanda mapajani mwangu. Tukatazama mvua dirishani nusu saa nzima. Mara mbili nilimuuliza anataka nini. Mara zote mbili alisema, "Babu."

Ingvill alikuwa mlangoni, anatuangalia. Baadaye, macho mekundu, akaniambia hicho tu ndicho alichotaka yeye pia, zamani. Akasema tutazungumza upya kuhusu Alhamisi ikifika Septemba, mradi nikae na mtoto bila vituko. Nikalia. Nikaahidi. Natamani miaka ile irudi, hata mmoja.

Nusu saa nzima, bila kitu chochote! Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu mchana. Je, kama kungekuwa na kitu?

Jirani wa huku anagawa sungura. Nimechukua wawili, wasiwe wapweke. Wako kwenye boksi chini ya kitanda hiki, na mmoja ameanza kulitafuna. Kurudi ni siku nne. Watasafiri chini ya kiti changu, na Ingvill hatajua lolote mpaka tupite nusu ya njia, huko Mosjøen. Tuva akishawaona, mapajani mwangu hatoki tena.