Harufu ya Banda la Hilaria

Jumatatu, 3 Juni 2024

Hilaria,

Daftari lako la nyimbo za kwaya lina kurasa nyingi tupu. Naandika humu.

Shemeji Cornelia, mdogo wako, amepiga simu kutoka Chala. Anakuja Jumamosi kwa misa yako ya mwaka mmoja. Amesikia kuku wako wanatokwa machozi. Beda jirani ndiye aliyemwambia, nani mwingine. Amesema akikuta banda linanuka, anaondoka nao wote kumi na mmoja, hata Katibu, yule kuku wako anayefuata watu kila waendako. Nimemjibu kwamba banda langu halinuki. Nilikuwa nimesimama mlangoni pake, nimeibana pua. Akaniuliza kama nina mafua.

Katibu akienda, asubuhi nitamwambia nani kwamba chai imemwagika?

Jumanne, 4 Juni

Baridi ya Mpui haina adabu mwaka huu. Tangu Mei nimeziba madirisha ya banda kwa viroba ili kuku wasitetemeke. Leo nimeingia dakika mbili, macho yakawaka kama ya mkata vitunguu. Katibu amefumba jicho moja.

Mpango. Choo chetu hakinuki kwa sababu tunamwaga majivu. Kila mtu hapa anajua hilo. Nimemwaga madebe mawili ya majivu ya jikoni juu ya maranda ya mbao wanayolalia kuku. Nikanyunyiza maji, vumbi litulie. Nikaenda kunywa chai nikijisifu.

Kabla kikombe hakijaisha, harufu ilinifuata jikoni.

Jumatano, 5 Juni

Amepita afisa ugani, Janeth, binti wa Mbeya. Shikamoo yake iliishia katikati, akakohoa.

Amesema hiyo ni amonia. Hutoka kwenye kinyesi kilicholowa. Haina rangi, nayo ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hupanda na kwenda zake ikipewa njia. Njia nimeiziba kwa viroba. Akauliza nani alinishauri majivu. Nikasema choo. Alicheka mpaka akakaa juu ya kinu chako. Majivu juu ya kinyesi chenye maji, amesema, huitoa amonia kwa mkupuo. "Mzee Zenon, umewapikia amonia."

Dawa yake ni moja. Toa maranda yote, weka makavu, fungua madirisha. Kazi ya asubuhi moja.

Ameeleza mengi. Urea ya mahindi nayo hugeuka amonia, ndiyo maana tunaifukia. Ukiiacha juu ya udongo inaruka na wewe unabaki na mfuko mtupu. Wasafisha vioo huitumia amonia kwa sababu inakata mafuta. Tena inapenda maji kupita kiasi, beseni moja linameza nyingi.

Nimeshika hilo la beseni.

Alhamisi, 6 Juni

Mabeseni manne bandani. Katibu ameoga katika la kwanza na kupindua mengine matatu. Maranda yamelowa zaidi. Harufu sasa inasikika barabarani.

Beda amekuja uani na kichupa chake cha maji ya vioo alichonunua Sumbawanga mjini. "Jirani," amesema, "sisi wengine amonia tunainunua. Wewe unaifuga." Akacheka peke yake. Lakini ameniachia kichupa nisafishe kioo cha picha yako, akanionya nisikichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, vikikutana vinatoa hewa inayoua.

Matone mawili, kitambaa, basi. Mafuta ya vidole vyangu yametoka yote. Sikujua nimeigusa picha hiyo kiasi hicho.

Ijumaa, 7 Juni

Nilichukua koleo. Nikafika mlangoni mwa banda. Fagio lako bado limesimama pale, limelika upande mmoja kwa sababu ya mkono wako wa kushoto. Miaka ishirini na sita nilidhani kuku wetu hawanuki. Kila Jumamosi ulikuwa unatoka humo umejifunga kitenge puani, wala sikuwahi kuuliza ulikuwa unafanya nini.

Nimerudisha koleo.

Mpango mpya: kufuli mlangoni, na ufunguo upotee.

Jumamosi, 8 Juni

Baada ya misa, Cornelia alitaka kuona banda. Nikasema ufunguo umepotea. Akausukuma mlango. Kufuli ilikuwa nzima, bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Mlango ukaanguka ndani pamoja na kufuli yake.

Tukaingia. Machozi yakanitoka. Siku ya mazishi yako sikulia, na watu walinong'ona. Leo nimelia mbele ya kuku kumi na mmoja. Nikamwambia Cornelia ni amonia. Naye alikuwa anajifuta. "Ndiyo, shemeji," akasema. "Ni amonia." Hatukutoka haraka.

Kisha akajifunga kitenge puani kama wewe, akashika fagio lako. Viroba chini, maranda nje, nami nikayafukia kwenye matuta ya maharage. Akapika. Tukala wawili. Ugali haukuungua.

Cornelia ameniachia kuku kwa sharti moja, kila Jumamosi nitoe maranda. Banda likinuka tena, amesema, atapanda basi aje mwenyewe.

Jumapili, 16 Juni

Banda halinuki hata kidogo. Katibu amefungua macho yote mawili. Beda amepita, akasema hewa nzuri leo, akaendelea na njia yake. Wiki nzima hakuna mwingine aliyeingia uani.

Nimefikiri. Jana ilikuwa Jumamosi, maranda sikuyagusa. Viroba nimevirudisha madirishani. Kuku nitawahamishia jikoni kwanza, wao hawana kosa. Kisha maji, na debe moja la majivu. Kiasi cha kufika puani kwa Beda tu. Simu ya Chala atapiga yeye.

Huko uliko, Hilaria, nikumbuke.