Laini ya Mombasa Isikatike

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Siku kubwa! Kampuni moja ya malori ya Mombasa inatafuta ofisi hapa Malaba mpakani ya kushughulikia makaratasi ya mizigo yake. Ni sisi au Euphrasia wa ng'ambo ya barabara. Sharti lao ni moja. Kompyuta yetu iunganishwe na yao kwa simu kutwa nzima, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa wiki mbili. Watahesabu kila inapokatika. Mzee Okedi, mwenye ofisi, amenikabidhi mimi. Laini ikikaa, nabaki mezani. Isipokaa, narudi yadi kukimbiza madereva kwenye vumbi. Na wazazi wa Asekenye, msichana ninayetaka kumwoa, kule Adungosi wamekubali kunisikiliza kwa sababu tu wamesikia nina meza!

Saa nne, imekatika. Mzee alikuwa akicheza karata kwenye kompyuta, akaifunga programu ya kuunganisha akidhani ni tangazo. Saa sita, tena yeye. Nikabandika karatasi kwenye kioo: USIFUNGE. Saa nane, tena yeye. Anasema karatasi ilimfunikia karata.

Jumanne, 6 Oktoba
Olinga, fundi wa kompyuta, amekuja kutoka Busia. Ameipanga programu ifanye kazi nyuma ya pazia. Inaanza yenyewe kompyuta ikiwashwa, haina dirisha la kufunga, na ikikatika inapiga simu tena bila kuambiwa. Mzee acheze karata mpaka achoke. Olinga akaniambia, "Boss, hiyo kitu iache tu. Itajifanyia kazi." Akaongeza jambo fulani kuhusu simu, lakini nilikuwa nafunga tai.

Alipoondoka nikatazama kioo. Hakuna kitu! Karata tupu. Sasa nitajuaje kama iko? Mimi nimekulia kwenye foleni ya malori. Hapa dereva hakai ndani ya gari akiamini foleni inasonga. Anashuka, anakwenda mbele, anaangalia, anarudi. Asiyeangalia anaamka na kukuta magari ishirini yamempita.

Nimepata dawa. Simu ya mezani iko kwenye laini hiyohiyo. Nikiinua mkono wa simu nasikia kompyuta zikiongea, mlio kama wa samaki akiingia kwenye mafuta moto. Safi kabisa! Nitasikiliza kila nusu saa.

Jumatano, 7 Oktoba
Balaa. Saa mbili na nusu, mlio, halafu kimya. Saa tatu, mlio, halafu kimya. Kila ninaposikiliza! Saa nne nilishikilia mkono wa simu robo saa nzima nikingoja mlio urudi. Wapi! Nikaurudisha kwa hasira, na baada ya dakika mbili taa za modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, zikaanza kumetameta. Kumbe inataka ukali.

Jioni ujumbe umeingia kutoka Mombasa. Tumekatika mara kumi na saba kwa siku moja. Wiki ijayo tukikatika hata mara moja, kazi inakwenda kwa Euphrasia.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimemjua adui. Laini haiwezi kufa kila nusu saa kamili bila mkono wa mtu. Nikavuka barabara kumuuliza Euphrasia ana kwa ana kwa nini anapanda nguzo kukata waya wetu. Akacheka hadi akashika meza. "Mimi na hii magoti yangu nipande mti ya simu? Keti unywe chai, kijana." Chai ilikuwa tamu, na hilo likanitia shaka zaidi.

Nimeizungushia nguzo miiba ya mchongoma. Suruali imechanika goti. Pia nimeongeza ulinzi. Sasa nasikiliza kila robo saa.

Ijumaa, 9 Oktoba
Siku mbaya kuliko zote. Olinga amerudi na kuitoa orodha ambayo programu hujiandikia yenyewe, saa na dakika ya kila mkatiko. Jumatano ni kila nusu saa. Jana ni kila robo saa. Mzee akaniuliza mimi husikiliza saa ngapi. Nikamletea shajara hii kwa fahari. Akaiweka kando ya orodha, akasoma huku, akasoma kule, akavua miwani.

Olinga akasema, "Boss, simu na kompyuta ni laini moja. Ukiinua, unakata." Nikamweleza kwamba mimi huinua taratibu. Akatoka nje.

Mimi naona wazi. Euphrasia ameipata ratiba yangu! Kuna jasusi humu ndani. Nilimwambia mzee, naye akanyoosha kidole kuelekea yadi. Meza amepewa Atyang, mpiga chapa. Nimeumia sana. Nimevua tai nyuma ya lori la chumvi na kulia kidogo.

Ijumaa, 16 Oktoba
Ajabu! Tangu Jumatatu laini haijakatika hata mara moja. Atyang hafanyi lolote, anafuma kitambaa tu. Mombasa wameandika kwamba tukifika saa kumi na moja leo bila kukatika, kazi ni yetu. Mzee amefurahi hadi amenisamehe. Jumatatu narudi mezani, mradi niape kutogusa simu tena. Nimeapa mbele yake na Atyang. Jumanne wazazi wa Asekenye wanakuja kuiona meza.

Saa kumi na dakika arobaini. Mzee na Atyang wamekwenda kununua soda za sherehe. Wameniambia nikae mlangoni, nisiingie.

Nimekaa mlangoni dakika nane. Siku tano bila kukatika? Malaba hii? Hapa hakuna kinachokwenda siku tano bila kusimama. Laini imekufa, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayesikiliza! Watarudi na soda zao waaibike mbele ya Mombasa, na meza yangu iende hivyohivyo.

Kiapo kinaanza Jumatatu. Naingia. Nitainua mara moja tu, tena taratibu kuliko siku zote.