Kamati ya Dharura ya Fataki

Hivi wewe unayenisikiliza, jumuiya yenu inayo Kamati ya Dharura ya Fataki? Haina, eti? Basi mnaishi kwa bahati tu. Ya kwetu sisi Waafrika Mashariki wa ughaibuni, hapa Merrylands, iliundwa Jumamosi moja saa nne asubuhi, ikatangazwa kwa barua yenye mihuri miwili, kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu.

Mwenyekiti wa jumuiya, Bwana Rweyemamu, si mtu wa kukurupuka. Fomu ya Mzee Benjamin aliisoma mara tatu. Mzee huyo, fundi mstaafu wa reli, mkazi wa kitongoji cha Seven Hills, alikuwa anaomba meza kwenye Siku ya Vipaji. Kipaji: kujaza kwa mkono risasi za kuwindia kulungu, aina ya thelathini-thelathini, ambayo imepita miaka mia na bado haijapata mpinzani wa maana. Vifaa: maganda ya shaba, baruti, vichwa vya risasi. Mpaka hapo Mwenyekiti alikuwa ametulia, tena alishaipigia mstari sehemu ya kung'arisha maganda. Kilichomtoa jasho ni mstari wa mwisho: "Fataki mia moja, ninazo nyumbani, zote katika hali nzuri."

"Mia moja!" akasema.

"Fataki ni nini, Mheshimiwa?" Aliyeuliza ni katibu, Mutanu, nesi kutoka Machakos.

"Mzee mzima anayewanyemelea wasichana wa shule. Tanzania nzima inajua."

"Ala! Huyo kwetu ni sponsa." Mutanu akaandika. "Na amewaweka mia moja kwa nyumba moja? Wanalala wapi?"

"Hilo ndilo swali la kwanza la kamati."

Kumpigia simu Mzee Benjamin hakukuruhusiwa, maana mtuhumiwa hashirikishwi katika hatua za awali. Badala yake likapitishwa azimio, aliloliandika Mwenyekiti kwa mkono wake: mwanachama yeyote atakayekutwa na fataki avuliwe uanachama na cheo papo hapo, na jina lake libandikwe ukumbini. Kisha akaamua kwenda kukagua mwenyewe pamoja na Mutanu, ingawa kanuni zinamruhusu kutuma mtu.

Mzee Benjamin aliwapokea gereji kwake na chai ya maziwa. Mutanu alichungulia ndani ya nyumba, akahesabu vitanda. Kilikuwa kimoja.

"Mzee," Mwenyekiti akasema, "zile fataki ulizozitaja."

Benjamin akafungua kabati la chuma, akatoa kisanduku kinachoenea kiganjani. Ndani vilipangwa vikombe vya shaba vidogo kuliko punje ya dengu.

"Mia kamili. Ndizo zinazowasha baruti."

"Hizi ndizo zinanyemelea wasichana?" Mutanu akauliza.

"Zinanyemelea nani? Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, aliziita fataki, nami nimetoka Dodoma mwaka themanini na tisa nikiziita fataki. Kwani siku hizi zinaitwaje?"

Swali hilo Mutanu hakuliandika. Halikuwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti akavua koti, kwa maslahi ya uchunguzi. Benjamin akamwonyesha ganda lililong'arishwa mpaka unaiona pua yako, tundu la kitakoni inamokaa fataki, na mkono wa mashine ya kuisukumia humo.

"Taratibu, baba, hufungi boneti ya gari. Sikiliza kwa kidole."

Ikaingia. Mwenyekiti akapitisha kidole juu yake, hakikukwama popote. Akaomba nyingine. Akaomba tena nyingine. Alipofika ya ishirini na saba chai yake ilikuwa imeshika utando.

"Mheshimiwa," Mutanu akasema, "azimio linasema yeyote atakayekutwa na fataki. Wewe uko na tatu kwa mkono."

"Hizi ni za uchunguzi."

"Uchunguzi haumo. Mimi nilitaka tuuweke, ukasema tutaacha mwanya."

Mwenyekiti akalisoma azimio. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana.

"Na Mzee je?"

"Mzee hakukutwa nazo. Alizitangaza mwenyewe, kwa fomu." Mutanu akaangalia saa, akaandika: Mwenyekiti amevuliwa cheo saa nane na dakika kumi. Meza ya Mzee Benjamin imepita.

Fataki tatu zilimwangalia Rweyemamu kiganjani. Alitafuta hoja ya utaratibu, hakuipata. Alipofungua tena mdomo ilitoka sauti ambayo Mutanu hajawahi kuisikia kikaoni.

"Mzee Benjamin, mimi nilikuwa nataka tu, siku ukienda porini kuwinda, unipitie."