Kamati ya Kujiridhisha na Falsafa

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, juu ya pikapu iliyozunguka kuanzia Sirari hadi Susuni, kwamba kwa kutambua mchango wa fikra katika maendeleo, halmashauri imeunda kamati ya kuzisimamia. Kuanzia sasa, mtumishi yeyote anayesomea uzamili wa falsafa ya elimu hatakwenda chuoni kutetea tasnifu yake mpaka wananchi wajiridhishe kwamba haina madhara.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Evodius, afisa elimu, mtu wa Kagera aliyehamishiwa huku na ambaye hakuwahi kusoma falsafa hata ukurasa mmoja. Jambo hilo lilimwezesha kutopendelea upande wowote.

Mtumishi mwenye kusomea falsafa ya elimu wilaya nzima alikuwa mmoja tu, Mwalimu Tabitha wa Gorong'a. Tasnifu yake ilihoji kama mtoto darasani aruhusiwe kumuuliza mwalimu "kwa nini". Bwana Evodius alisoma kichwa cha habari tu, presha ikapanda. Leo mtoto anamuuliza mwalimu, kesho mwalimu mkuu, keshokutwa yuko mlangoni kwa afisa elimu!

"Bosi, natetea Ijumaa," Tabitha alimwambia. "Nisipofika usajili unafutwa. Kazi yangu yote imekwenda na maji."

"Ondoa shaka, mwalimu. Tunafuata utaratibu."

Utaratibu ulikuwa huu: Jumatano wananchi wa Gorong'a wangekusanyika, wangenyoosha mikono kuikataa falsafa, picha ingepigwa, na yeye angewahi chakula cha mchana mjini. Ili taarifa yake ipendeze, alimwomba Mzee Mogesi, kiongozi wa wazee wa Gorong'a, asiite mkutano wa kawaida, aite ritongo, baraza la Wakurya lenyewe. Neno hilo lingeonyesha kwamba halmashauri inaheshimu utamaduni. Kuuliza ritongo la Gorong'a linaendeshwaje hakuona haja, maana mikutano aliijua.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ulijaa.

"Shikamooni wazee wangu, shikamooni akina mama," alianza. "Ajenda ni moja. Wasiotaka mtoto amuulize mwalimu kwa nini, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Subiri kwanza, mura," alisema Mzee Mogesi. Bwana Evodius, pamoja na kitambi chake chote, hakuwa ameitwa kijana kwa muda mrefu. "Hapa hatuhesabu mikono kama mbuzi. Tunaongea mpaka tuwe na neno moja. Na wewe ndiye umeleta shauri, kwa hiyo wewe unajibu. Mtoto asiulize kwa sababu gani?"

"Kwa mujibu wa miongozo, mzee."

"Na hiyo miongozo imekataza kwa sababu gani?" akadakia Mama Felista, mkulima wa mihogo mwenye wajukuu watatu shuleni.

"Kulinda mazingira wezeshi ya ujifunzaji."

"Yanalindwa yasifanywe nini?"

Bwana Evodius alikunywa maji. Yalikuwa maji ya kutosha mkutano wa nusu saa.

Mchana ukapita, na chakula cha mjini kikapita nao. Alipoona anazidiwa, alimwita dereva wake, Nashoni, aseme neno kama mzazi.

"Mimi niko upande wa bosi mia kwa mia," alisema Nashoni kwa moyo mmoja. "Watoto wa siku hizi hawana adabu. Juzi wangu ananiuliza kwa nini gari la serikali linabeba mkaa wa bosi. Sasa mtoto kama huyo utamfanyaje?"

Mwenyekiti alielekeza mchango huo usiingie kwenye muhtasari.

Tabitha alikaa pembeni, mikono magotini, anaangalia jua. Basi la kwenda chuoni Mwanza lilikuwa la alfajiri na kibali chake cha safari hakikuwa na sahihi ya afisa. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Bwana Evodius alimwona, akamhurumia kidogo, kisha akakumbuka cheo chake.

Jua lilipokaribia kuzama akasimama. "Nawashukuru kwa ushirikiano. Kikao kimeahirishwa."

Hakuna aliyeinuka. Vijana waliokaa kwenye njia ya kutokea hawakusogea.

"Kaa, mura," alisema Mzee Mogesi kwa upole. "Aliyeleta shauri haondoki kabla halijaisha."

"Mimi ni afisa wa serikali! Unaniambia siwezi kuondoka?"

"Huwezi."

"Kwa nini?"

Uwanja mzima ukamgeukia. Kisha Mama Felista akapiga vigelegele.

"Si mmesikia?" Mzee Mogesi aliwageukia wenzake. "Mtu mzima, msomi, ana gari na dereva, amekazwa kidogo tu, swali limemtoka. Mtoto atajizuiaje? Afisa mwenyewe ameuliza. Kuna mwenye neno lingine?"

Hakuwapo. Bwana Evodius alisaini kibali juu ya boneti ya gari, na Tabitha alikipokea kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka waziwazi.

"Kuna nyongeza moja," alisema Mama Felista. "Huyu binti akishatetea, akirudi asianze na watoto. Aanzie kufundisha ofisini kwa afisa."

Wazee wakaitikia kwamba ni sawa. Bwana Evodius alifungua mdomo apinge. Akaona watu wanajiweka sawa kwenye nyasi, wanamsubiri alete shauri lingine. Akasema anaunga mkono.