Dawa ya Sauti

Jumatatu, 4 Machi
Mazoezi ya kwaya. Nimetoka kwenda chooni mara tatu katika wimbo mmoja. Niliporudi mara ya tatu, wenzangu walikuwa wamemaliza. Nikaanza ubeti wa pili peke yangu. Fundi Saa, besi mwenzangu na jirani yangu wa kibanda, alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu amesema Jumapili ya tarehe kumi na saba mmoja wetu ataimba ubeti wa peke yake. Miaka kumi na moja nausubiri ubeti huo!

Jumanne, 5 Machi
Daktari kanipima. Tezi dume imekua. Si saratani, ni umri tu. Kanipa dawa: kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana, na niinuke taratibu nisije nikashikwa na kizunguzungu. Mama watoto kasema niwaambie wenzangu ukweli, yaishe. Ukweli? Mimi, fundi cherehani mwenye heshima zangu?

Alhamisi, 7 Machi
Fundi Saa kanikuta nameza. Sikubabaika. Nikamwambia ni dawa ya sauti. Akaomba kimoja. Nikakataa katakata, dawa ya mtu si karanga. Akasoma jina kwenye pakiti, akaondoka mbio. Maskini, kaingia mkenge mzima mzima.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeinuka ghafla kumpokea mteja. Dunia ikazunguka. Nikakaa juu ya pasi. Bahati ilikuwa bado vuguvugu.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa. Fundi Saa kasimama mbele ya besi wote kunishukuru. Kumbe alikwenda duka la dawa kuulizia dawa ya sauti. Binti muuzaji akamuuliza huamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo. Akajibu tano, akidhani ni kwa sababu ya chai ya usiku. Akatumwa kwa daktari, akapimwa, akapewa dawa ileile. Sasa analala fofofo. Kayasema yote bila haya, na besi watatu wakakiri kuwa nao wanameza. Tulicheka hadi machozi. Nilifurahi, sitaficha.
Kisha mwalimu akauliza nani yuko tayari kujaribu ule ubeti. Nikaanza kuinuka, taratibu, kama nilivyoagizwa. Fundi Saa alikuwa ameshasimama tayari. Sauti yake imetikisa madirisha. Ubeti kapewa yeye.

Jumapili, 17 Machi
Kaimba vizuri mno, yule bwana. Nimelia. Tena kwa mara ya kwanza besi wote tumesimama hadi mwisho, hakuna aliyetoka.
Lakini mimi si mtoto. Sauti ile haiji hivihivi. Nimempitia binti wa duka la dawa nikamwambia Fundi Saa amepewa kali kuliko yangu. Kaapa kwamba zimetoka boksi moja. Ananificha. Kesho naenda kwa daktari mwenyewe kumwomba ile ya besi.